Gari la Kipimo cha Kaka

Wateja walimwita Bi Tepu kwa sababu tepu ya kupimia haikumtoka shingoni, hata sokoni alikwenda nayo. Alikuwa fundi cherehani, na kuhusu magari alijua mambo mawili tu, kupanda na kushuka. Lakini ukipita jioni sebuleni kwa kaka yake, ungemkuta amekunja uso mbele ya runinga, anabishana kuhusu ulaini wa springi.

Lawama zote apewe mtaalamu wa mazoezi wa hospitali. Kaka mtu alikuwa dereva wa malori, na wenzake walimbandika jina la Breki kwa vile hakuwa na mazoea ya kuzikanyaga. Kiharusi kilipomlegeza mkono wa kushoto, mtaalamu akasema mchezo wa mbio za magari wa kwenye runinga, ule wenye usukani wa kufunga mezani, ungeuamsha mkono huo. Breki akaupenda usukani. Kurekebisha gari kabla ya mbio, hilo hakutaka hata kulisikia.

"Mimi dereva bwana, si fundi," alisema, na kazi ikamwangukia dada.

Naye ikamnogea, usiniulize vipi. Kila uwanja aliutazama kama kitambaa kipya. Kwenye uwanja wa tambarare, wenye barabara ndefu zilizonyooka, alililaza bawa la nyuma ili upepo usilizuie gari. Kwenye uwanja wa mjini, wenye matuta, alilegeza springi. Breki akashinda hapa, akashinda pale, akawa anamsifia dada yake mpaka kwa majirani. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Ukaja uwanja wa mlimani, kona juu ya kona. Jumamosi madereva wenzake wa zamani wangeshindana naye kwa mtandao, kila mtu akiwa nyumbani kwake. Bi Tepu akaandaa gari kali, springi ngumu, usukani unaoitika ukiugusa tu. Siku nzima ya Alhamisi, kila kona ya kushoto, gari lilizunguka kama pia na kujibamiza ukutani. Mwishowe Breki akauachia usukani, akauficha mkono chini ya meza.

"Jumamosi nisipomaliza, fungasha mtambo huu ukampe mtu."

"Na mazoezi ya mkono?"

"Na hayo basi. Nimechoka kujidanganya, dada."

Bi Tepu akamtazama wifi yake, aliyesimama mlangoni na sufuria mkononi. Wifi akainamisha macho. Kola ya shati la Breki ilikuwa imemwacha shingo, maana tangu augue alikonda na mashati yote yalimpwaya. Mara nyingi dada alimwomba ayapunguze, na jibu lilikuwa lile lile: "Yaache, nitajaa tena." Jioni ile Bi Tepu aliogopa, akarudi kwake bila kunywa chai.

Kesho yake aliacha kutazama gari, akatazama mikono. Mkono wa kushoto ulikuwa unafika kwenye kona, ila ulichelewa kidogo, na ukishafika ulivuta kwa pupa. Gari lile halikuwa na subira ya kuungoja. Aibu ikamshika. Kazini kwake hakuna mteja aliyekatiwa nguo kwa kumbukumbu, hata awe wa miaka yote. Kila akija anapimwa upya. Kumbe kaka yake mwenyewe alimtengenezea gari la yule mtu wa malori wa kabla ya kiharusi.

Akaanza upya. Akaupunguza wepesi wa usukani, akalegeza springi za mbele, akainua bawa la nyuma ili ligandamize gari barabarani.

"Mbona limekuwa zito?" Breki aliuliza. "Watanipita kama nimeegesha."

"Watakupita. Wewe kata kona."

Jumamosi walimpita kweli. "Breki, leo umezikumbuka!" sauti moja ilimcheka kwenye spika, naye akacheka pia, jambo ambalo wifi hakuwa amelisikia kwa muda mrefu. Kona ya kushoto ikaja. Mkono ukachelewa, gari likangoja, likapinda. Ikaja nyingine, likapinda tena. Alimaliza wa mwisho, lakini alimaliza.

Wenzake walipoaga, alibaki akiusugua mkono.

"Hukuupima uwanja," alisema. "Umenipima mimi."

"Ningekwambia, ungekataa."

"Ningekataa."

Breki akashika meza, akainuka taratibu, akatanua mikono. Wa kulia ulinyooka sawasawa. Wa kushoto uliishia njiani, na safari hii hakuuficha.

"Haya, lete hiyo tepu. Mashati yamenipwaya mno."

Bi Tepu akaivua tepu shingoni, akaanza na mkono wa kushoto.