Bomba Lililovishwa Kanga

Harufu ya chokaa iliyolowa na gunia bichi hunirudisha uani kwa bibi, Bagamoyo mjini, kila kipupwe kinapoingia. Wageni hudhani pwani hakuna baridi. Waje wajimwagie maji ya bomba kabla jua halijatoka, upepo wa kusi ukipuliza, kisha watuambie. Bibi yangu mzaa baba, Bi Mwanaidi, aliyenilea, alikuwa na magoti mabovu, na maji ya kutawadhia alfajiri yalimwachia maumivu hadi adhuhuri. Bomba letu la chuma lilitoka barabarani, likakatiza uani na kuambaa na ukuta wa chumba chake mpaka msalani. Basi kila kipupwe alilivisha: vipande vya gunia ndani, kanga kuukuu juu, kisha kamba ya makumbi. Majirani walimtania, "Bi Mwanaidi, mbona hujalinunulia na viatu?" Naye akijibu, "Chekeni tu, magoti si yenu." Kama maji yalipata joto kweli, sijui. Yeye aliapa kwamba yalipata.

Kazi ya kulivua na kulivisha ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Kila Ijumaa nilitakiwa kufungua matambara, kuyaanika juani, na kupapasa kiungo kilichokuwa karibu na ukuta, kwa sababu fundi Shomari alishatuonya kwamba katani iliyozungushwa kwenye nyuzi zake kuzuia maji imechoka na siku yoyote kitavuja. Asubuhi moja ya kipupwe hicho nilishika kanga nikaiona nzito kuliko umande unavyoweza kuifanya. Niliikamua, ikatoa maji. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na wenzangu walikuwa wananiita nje tukacheze rede. Nikaongeza kanga nyingine juu, nikakaza kamba. Bibi akauliza kutoka jikoni kama ni pakavu, nami nikasema pakavu. Ijumaa zilizofuata sikufungua kabisa, maana ningefungua ningelazimika kusema.

Ukuta ukaanza kutoka jasho. Nyumba zetu za zamani, za mawe ya matumbawe na chokaa, zina tabia hiyo: hali ya hewa ikibadilika hutoa unyevu na unga mweupe wa chumvi. Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Kila aliyeingia alisema ni kipupwe hicho, na bibi akaufagia unga wake kwa ufagio wa chelewa, siku baada ya siku. Kumbe yale matambara yalikuwa yanayanyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta na kuyapeleka ukutani. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa wetu tuliuvika nguo. Asubuhi moja bibi akiwa jikoni anakoroga uji, tulisikia kishindo chumbani. Bonge la ukuta lilikuwa limeanguka juu ya mto wake, na boriti ya dari imeinama.

Fundi Shomari alifungua matambara moja baada ya jingine, akanusa la mwisho. Lilikuwa limeoza. "Bi mkubwa," alisema kwa upole, "hili halikuanza leo. Nani alikuwa analikagua?"

Bibi alinitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mimi," alisema bibi. "Macho yangu, fundi, hayaoni vizuri siku hizi."

Heri angenichapa. Kiungo kilitengenezwa siku ile ile, kabla ya adhuhuri. Baba mdogo akamchukua bibi kwenda kwake Fukayosi, akimwambia atarudi ukuta ukikauka; mimi nikabaki mjini kwa jamaa. Masika yalipofika ukuta haukusubiri, ulikwenda wote, na chumba kikabaki kifusi. Wakubwa wakakubaliana asiambiwe. Kila nilipopelekwa kumsalimia, nilimkuta kibarazani, furushi la nguo zake limefungwa tayari. Nikimwamkia shikamoo, aliitika marahaba, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, ukuta umekauka?" Nami nikajibu kama nilivyofundishwa, "Bado kidogo, bibi." Alifariki furushi likiwa bado limefungwa.

Leo naishi kwenye kiwanja kile kile. Nimejenga kwa matofali ya saruji, na mabomba ni ya plastiki. Wanangu wanaoga maji ya moto ya hita na hawajui baridi ya alfajiri inavyouma. Mafundi walitaka kuyafukia mabomba ukutani ili nyumba ipendeze, nikakataa. Yamepita wazi, hayana hata uzi juu yake, na kila Ijumaa napapasa viungo kimoja kimoja kwa mkono mtupu. Wanangu hunicheka kama majirani walivyomcheka bibi, nami nawaacha wacheke. Nikimaliza huweka kiganja kwenye ukuta uliosimama pale palipokuwa chumba chake, nikakiacha kitambo. Umekauka, bibi. Umekauka kabisa, wala hakuna wa kuniuliza.