Kikohozi Nyuma ya Ukuta

Mdogo wangu aliitwa Mweupe, na alikuwa mweusi tii kama mimi. Jina alilipata mashineni. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kusaga nafaka za watu, na kila jioni alirudi nyumbani na unga mpaka kwenye kope, mtoto asiyemjua akikutana naye uchochoroni anaangua kilio. Mkewe alipokuwa hai hakumruhusu kuingia ndani kabla hajajikung'uta. Unga wa kwenye nguo ulitoka. Ule aliouvuta kifuani haukutoka, na ndio uliomwondoa.

Binti yake ndiye huyo mnayemsikia redioni siku hizi, yeye na mwenzake. Watu humwita Sikio. Mimi ni shangazi yake, nashona nguo katika chumba cha mwisho cha ua huohuo anamokaa yeye, na watu wakinijia na sifa za wimbo wao huwa nawaambia wakae kwanza niwaeleze ulivyopatikana. Wengi hujuta kukaa.

Sikio alilelewa na mashine. Mama yake alipofariki mimi nilikuwa bado kwa mume wangu, mbali, na Mweupe hakuwa na wa kumwachia mtoto. Akawa anakwenda naye kazini, anamlaza juu ya magunia, mashine inanguruma na mtoto amelala fofofo. Ikizimwa ndipo anaamka na kulia. Mkanda wa mashine ile ulikuwa umeungwa vibaya mahali pamoja, kwa hiyo kila ulipozunguka ulipiga pa, ukanyamaza kidogo, ukapiga tena pa. Sikio hajajua hata kufunga viatu, tayari anaufuatisha mkanda ule kwa kiganja. Akila anapiga meza. Niliporudi kukaa nao, nikimsuka ananipiga mimi mapajani. Nilimwambia mdogo wangu kwamba mtoto huyu ana walakini kichwani. Akanijibu kuwa hana walakini wowote, ana sikio. Jina likamganda.

Alipomaliza shule alipata kazi kwa bwana mmoja mwenye mitambo, wale wanaokodisha spika kwenye harusi na mikutano. Alianza kwa kubeba nyaya, akaishia kukaa mezani na kupiga muziki, maana huyo bwana mwenyewe alikuwa msinziaji. Siku spika ilipoungua akatumwa aipeleke kwa kijana wa kutengeneza simu, mwenye kibanda kando ya duka la dawa. Huyo ndiye Mrefu. Kibandani kwake aliingia kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Sikio alimwambia spika imekufa. Mrefu akaigonga kwa kucha, akasema haijafa, imechoshwa na mtu asiyejua kupiga muziki. Mtu huyo alikuwa Sikio. Wakabishana mpaka kibanda kikafungwa, kesho yake akarudi wakaendelea. Mimi nikajua ni mapenzi hayo, nikaanza hata kuulizia ukoo wa kijana. Kumbe wapi. Walikuwa wanagombania mdundo tu, na mpaka leo ndicho wanachogombania.

Mrefu alikuwa ameunda kompyuta kwa mabaki ya kompyuta nyingine, na ndani yake alitia programu ya kutengeneza muziki. Sikio akamletea mlio wa ule mkanda, alioupata kwa kwenda mashineni na simu. Huo ukawa mdundo wao wa kwanza. Tatizo likawa wapi pa kuupigia. Watu wa harusi wanataka nyimbo wanazozijua. Ukiwawekea usiojulikana, mjomba wa bwana harusi anakujia na kidole. Basi wale wawili wakagundua kwamba upo wakati mmoja ambao hakuna anayelalamika, nao ni wakati wa kula. Sahani zikianza kuzunguka wanachomeka vitu vyao. Udijei wao ulianza hivyo, kwa kuwapigia watu wanaotafuna. Siku moja mama mmoja wa makamo aliweka sahani chini, akainuka na kucheza peke yake na tonge bado shavuni. Sikio alipomsimulia baba yake habari hiyo, Mweupe alicheka mpaka kikohozi kikampanda, tukamshika mabega mpaka kilipotulia. Wakati huo alikuwa ameshaacha kazi. Hata ndoo ya maji hakuiweza.

Walikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao. Kimoja cha Mweupe, kingine cha Sikio, na hicho cha Sikio ndicho kilichofanywa studio. Waliegemeza godoro ukutani, wakatundika blanketi dirishani, maiki wakaifunga kwenye mpini wa fagio. Walirekodi mchana, watoto wakiwa shule na wapangaji kazini. Ua wote unakuwa kimya. Kinachobaki ni kikohozi cha Mweupe.

Hapo sasa ndipo walipozua neno lao, kufagia. Kwenye kompyuta sauti inaonekana kama mistari, na kikohozi kinaonekana kama kichuguu. Mrefu anakikata, anaunganisha pale palipobaki, anaendelea. Na kwa kuwa kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu na nafasi yake haitoshi, kila wakimaliza kusafisha wanaitupa rekodi ya mwanzo ili wapate pa kuweka nyingine. Nilikuwa nikiwasikia nikiwa cherehani. Sikio anauliza kama amefagia, Mrefu anajibu ameshafagia. Mweupe mwenyewe aliyachukua kwa utani. Yeye ndiye aliyewawekea utaratibu kwamba kikohozi kikimshika wasimamishe, na akimaliza atawagongea ukutani mara mbili, waendelee. Sikio akawa anaimba kwa ruhusa ya ukuta. Kugonga kule kwa baba yake kukisikika, ngo ngo, anavuta pumzi na kuanza.

Upo mtangazaji mmoja mwenye kipindi cha wasanii wachanga. Walimpelekea wimbo wao kwenye flashi, na sisi hapa nyumbani tukakaa roho juu. Mweupe alihamishia redio kitandani. Alikuwa haongei sana tena, lakini siku hiyo aliniambia maneno ambayo nimeyashika.

"Dada, mimi sitaki kingine. Nikiusikia huo redioni, basi."

Mtangazaji aliurudisha. Alisema wimbo ni mzuri ila katikati kuna mtu anakohoa, watu watadhani redio imeharibika, wakausafishe wamletee upya. Kimoja kilikuwa kimewapita, kwa sababu kilidondokea juu ya mdundo wa mkanda na kwenye mistari hakikujitenga. Mrefu alikuja kumpa Sikio habari hizo, na walizungumza kwa kunong'ona, lakini ukuta ni wa mbao. Mimi nilikuwa upande wa pili nampa Mweupe dawa. Tukamsikia Sikio akisema, tena bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka tu:

"Hakuna kitu changu kisicho na kikohozi cha baba."

Nilitaka niinuke nikamtie adabu. Mweupe akanishika mkono, akaweka kidole mdomoni. Alimeza dawa yake, akaniomba nimsogezee taulo, akageukia ukutani.

Walirudia kurekodi Sikio akiimba, maana pale kikohozi kilipokuwa hapakukatika bila kuharibu neno. Nilisikia vyote kutoka cherehani. Sikio alianza, akaimba ubeti wa kwanza, akaingia wa pili. Hakuna kikohozi. Akafika mwisho, wimbo mzima, bila kusimama. Haijawahi kutokea. Mrefu alifurahi akasema leo hakuna cha kufagia. Sikio akasubiri kidogo kama baba yake atagonga, kwa mazoea, hakugonga. Wakajua amelala. Wakarudia mara nyingine ili wawe na akiba, nayo ikatoka safi vilevile.

Mimi nikampelekea chai. Mweupe alikuwa ameketi kitandani, mgongo umeshika ukuta, taulo limejaa mdomoni, ameliuma kwa meno yote. Macho yalikuwa mekundu na yametoka. Mkono mmoja alikuwa ameuinua, vidole vimekunjwa vya kugonga, umefika karibu na mbao na kuishia hapo. Nililivuta taulo nikapiga kelele. Sikio alikuja na hedifoni bado shingoni.

Mrefu alimbeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata gari. Hospitali walimwekea hewa, akaishi mpaka kesho yake, lakini hakusema neno tena. Daktari alikuwa mtu mwungwana. Alitueleza kwamba mapafu yalikuwa yamekwisha siku nyingi, kwamba taulo au bila taulo ilikuwa ni suala la wiki moja tu. Sikio alimshukuru. Alimshukuru vizuri, kwa heshima zote, na nilimwona wazi kwamba hakumwamini.

Baada ya maziko Mrefu alikwenda kwa mtangazaji na ile flashi, ikiwa na wimbo mpya juu ya ule wa zamani. Nilimuuliza anawezaje. Akasema ndicho mzee alichokitaka. Wimbo ukapigwa. Mtangazaji akausifu hewani, akasema vijana wamesikia ushauri wake, sasa umekuwa safi kabisa. Nilikuwa napiga pasi sare ya mtu, nikaiunguza. Ningekuwa karibu na yule bwana siku ile, leo mngekuwa mnasikiliza mwingine.

Watu wakaupenda. Nadhani ni ule mkanda, unawaingia miguuni. Wakaanza kuitwa kwenye kumbi, si wakati wa kula tena, watu wamekuja kuwaona wao. Sikio alikwenda akapiga muziki na kurudi, uso ni uleule.

Kisha akaanza kutafuta sauti ya baba yake. Kila mtu hufika hapo, hata mimi niliitaka. Mweupe alikuwa na simu ya kitochi isiyohifadhi chochote. Kwenye mkanda wa video wa harusi ya binti yangu anaonekana anaongea na kucheka, lakini juu yake kuna muziki, wala huambulii neno. Sikio akasema haidhuru, kompyutani yumo, miaka yote ile amerekodiwa, hata kama ni kukohoa tu, hata kama ni kumsikia akigonga. Wakafungua. Kila wimbo ulikuwa safi. Rekodi za mwanzo zote zilikuwa zimetupwa, na mahali pake zimeandikwa nyingine, zikatupwa nazo. Wakaikumbuka ile flashi yenye kikohozi kilichowaponyoka. Walikuwa wameifuta wenyewe ili waweke huu unaosifiwa.

Mrefu alijaribu kila ufundi wake. Alikaa sakafuni na kompyuta iliyofunguliwa matumbo, siku nzima, na mwisho nilimkuta ameegemea godoro analia, miguu yake mirefu imejaa chumba.

"Nimemfagia, shangazi," aliniambia. "Mimi mwenyewe. Hata kimoja sikumbakishia."

Nilimpa maji. Sikio alikuwa anatazama ukuta.

Juzi aliniita chumbani kwake mchana, ua ukiwa kimya. Mrefu hakuwepo, yuko kibandani kwake, bado anatengeneza simu. Sikio alinikalisha kwenye stuli, akanivika hedifoni, akasema ile rekodi ya siku ya mwisho ndiyo pekee ambayo haikuguswa, kwa kuwa hawakuwa na cha kukata. Ipo nzima kama ilivyoingia. Akaiwasha kabla ya pale anapoanza kuimba.

Nilisikiliza. Nilisikia ukimya wa chumba, na kwa mbali cherehani yangu mwenyewe, nikashangaa ilivyo na makelele. Kisha cherehani ikanyamaza, na hapo hapakuwa na chochote. Nikamtazama.

"Sisikii kitu, mwanangu."

"Ndiyo," Sikio akasema. "Ni baba huyo, shangazi. Anajizuia."

Nilizishika zile hedifoni kwa mikono yote miwili. Alipotaka kunivua nilikataa, nikamwambia arudishe mwanzo.