Mama Rada

Siku hizi magari yakifika mbele yangu hupunguza mwendo mpaka unaweza kuzihesabu boliti za matairi. Mgeni angesema madereva wa huku wana adabu. Hawana. Wananiogopa mimi, mjane anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, kando ya barabara ya Fungurume, kabla hujafika Mutoshi. Sababu ya woga huo ni polisi wawili ambao hadi leo nikiwakumbuka damu inanichemka.

Walikuja asubuhi ya baridi, nikiwa ndiyo kwanza nimepanga magunia yangu na kuyafunika majani mdomoni. Hawakuvaa sare. Mmoja, mrefu, mwenye ndevu zisizonyolewa, alikitazama kitenge nilichojitanda begani.

"Mama, utupe ile kikwembe, na kitambaa ya kichwa. Siye ni ba roulage. Tuko mu kazi."

"Polisi ya barabara inavaa bikwembe?" nikauliza.

"Mama, usilete maneno. Ao hii makala iko na ba papier?"

Ndivyo walivyoomba, kwa kunitishia karatasi za kibali nisizokuwa nazo. Yule mrefu akajifunga kitenge changu, akaketi juu ya gunia, miguu ameipanua kama fundi baiskeli. Rada ya kupimia mwendo aliizamisha katika gunia jingine, jicho lake tu likabaki nje kati ya majani. Mwenzake alijificha baada ya kona ili kuyasimamisha magari. Kila gari lililopita kwa kasi, yule mrefu alinong'ona kwenye simu, kisha akanikonyeza kana kwamba tuko pamoja.

Sisemi madereva ni malaika. Malori ya shaba hupita hapa kama yanafukuzwa na nyuki, na upepo wake hunipeperushia majani kila siku. Lakini anayetaka watu wapunguze mwendo husimama na sare yake, aonekane. Huyu alikuwa akiomba wasipunguze. Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa kitenge.

Kabla ya mchana walimnasa mteja wangu, dereva wa minibasi, ambaye kila Jumamosi alichukua gunia kwangu kumpelekea mkewe kule Manika. Alirudi kwa miguu kutoka kwenye kona, akaja moja kwa moja, akamvua yule mrefu kitambaa. Kikatokea kichwa cha upara. Polisi akacheka. Dereva hakushughulika naye tena, alinigeukia mimi.

"Mama, unauzisha makala, ao unatuuzisha siye?"

"Tata, banakuya ku nguvu. Mi sina na kosa."

"Na kikwembe? Ilitembea yenyewe?"

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa, na nguo zenyewe zilikuwa zangu.

Polisi walikaa siku chache, wakaniachia kitenge kinanuka tumbaku, wakaenda zao. Mimi nilibaki na jina: Mama Rada. Lilifika kila kituo cha magari, kutoka Fungurume hadi Kolwezi. Tangu hapo madereva wakiniona wanapunguza, wananikodolea macho, wakivuka kona wanakanyaga mafuta. Hakuna anayesimama. Makondakta walitoa vichwa dirishani kunitukana. Akutukanaye hakuchagulii tusi, nami nilipata ya kila aina, na mengine niliyarudisha.

Nikahamisha magunia kwa baiskeli, mbali kidogo. Haukupita muda, wakaanza kupunguza mwendo na huko. Mvua za kwanza zikanikuta na magunia yaleyale, makala yakalowa. Nyumbani watoto wakawa wanakula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku, na mdogo akaniuliza kama tumefunga kama watu wa kanisani.

Wiki iliyopita gari dogo lilisimama. Niliinuka mbio, nikijifuta mikono kwenye nguo, nimefurahi hata nikasahau kuona haya. Akashuka yule mrefu, sasa amevaa sare, amenyoa ndevu.

"Bonjour, mama! Ajali inaisha hapa. Commandant anafurahi sana. Hatuna tena na lazima ya kuya kujificha, weye peke unatosha!"

Alicheka kwa furaha ya kweli, kisha akataka magunia mawili.

Nilitamani kumwambia ayatafune hayo makala. Nikawakumbuka watoto, nikapokea pesa yake. Gunia ni zito, kwa hiyo alishika upande mmoja, mimi nikashika mwingine. Tulikuwa tumelinyanyua wakati minibasi ilipotokea kwenye kona, polepole kama zote. Nilimtambua dereva. Ndiye yule wa Manika.

Madereva wetu humwita kila polisi "chef", hata wakiwa wanamlaani moyoni. Huyu alishusha kioo, akavua kofia. Dereva hakumtazama kabisa yule mwenye sare. Alinitazama mimi.

"Bonjour, chef."