Usiku Mmoja Kutoka Moscow

Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Moscow, mama yangu hakuuliza nitasomea nini. Aliuliza ni mbali kiasi gani. Tulikuwa kibanjani kwetu Ijumbi, huko Muleba, yeye anapalilia migomba, mimi nimesimama tu na viatu vipya, msomi mzima. Nikamwambia kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi wa kule ni usiku mmoja. Unapanda jioni, asubuhi umefika.

Mama alikuwa amesafiri mbali mara moja tu maishani: alipanda meli Bukoba jioni, akaamkia Mwanza.

"Kumbe ni kama Mwanza," akasema, uso ukamkunjuka.

Ningemsahihisha vipi? Alikuwa amekonda kwa mawazo. Na sikusema uongo, jamani, ndege ilichukua usiku mmoja kweli. Ila sikumwambia habari ya kufika huko Dar kwenyewe: lori hadi Bukoba, meli hadi Mwanza, kisha treni inayosimama kila stesheni kana kwamba ina ndugu pale. Wala sikumwambia kwamba ndege ya kule haipatikani kila siku.

Nikiwa mwaka wa tatu, telegramu ilinifikia: mama mgonjwa, njoo. Niliomba ruhusa siku hiyo hiyo. Nikasubiri ndege, nikaruka usiku mmoja, nikatua Dar na moyo uko mbele yangu. Lakini treni haisukumwi. Niliposhuka kwenye lori pale Muleba, jirani aliyenipokea mzigo hakuniuliza habari za safari, nikajua.

Dada yangu, aliyemuuguza, alinisimulia bila hasira, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Telegramu ilipopelekwa, mama aliomba aogeshwe, akaagiza ndizi zangu zipikwe, akaketi anatazama njia. Kesho yake watoto wakala kiporo, zikapikwa nyingine. Watu wakamwambia Ulaya ni mbali. Akawakatalia, mwanawe alimwambia kwa kinywa chake kwamba ni kama Mwanza. Ndizi ziliendelea kupikwa, halafu siku moja akasema zisipikwe tena.

Nikamuuliza dada mama alisema nini mwishoni.

"Alisema, ni usiku mmoja tu. Angetaka angekuja."

Iliniuma, na inaniuma hadi leo. Mama yangu alikufa akidhani nimemkataa, na aliyemfundisha kudhani hivyo ni mimi.

Nilikwenda kaburini, palepale kwenye migomba, nikapiga magoti nikaanza kumweleza safari upya kwa Kihaya, kuanzia mlango wa bweni langu: foleni ya ruhusa, ndege niliyoisubiri, usiku wa angani, treni, na kila stesheni tuliyokaa. Dada alikuja akanishika mkono, akasema inatosha, twende ndani. Nilikuwa sijafika hata Mwanza.