Sketi Isiyoruka Mfereji

Nakumbuka siku moja nilikaa juu ya jiwe kando ya mfereji, huku kwetu mlimani Meru, nimelowa mpaka nywele, kitenge kimeshonwa miguuni kwa sindano ya magunia, na binti yangu wa miaka kumi amesimama mbele yangu ananiuliza, "Mama, na wewe umechelewa?" Usicheke kwanza, mwanangu. Nitakwambia wakati wa kucheka.

Mimi shule sijaiona kwa ndani. Baba yangu alikuwa na ng'ombe, na alikuwa akisema kwa ile sauti yake ya kutokea tumboni, "Ng'ombe hawasomi. Anayewachunga asome ili awafundishe?" Basi hapo shule yangu ikaisha kabla ya kuanza. Nikakua, nikaolewa upande huu wa kahawa na migomba, nikamzaa Naishiye, na usiombe kuona furaha niliyokuwa nayo alipoanza darasa la kwanza. Akirudi namwambia anisomee hata maandishi ya mfuko wa chumvi. Anasoma, mimi natikisa kichwa kama niko kanisani.

Alipofika darasa la nne sketi yake ilikuwa haimtoshi tena. Shule ikaleta karatasi, mwenyewe akanisomea: sketi ya bluu, ya marinda, ivuke goti kidogo. Nikamwambia, "Soma tena." Akasoma, ikawa ile ile. Nikasema hiyo karatasi haijui upepo wa kwetu.

Kwa nini nilisema hivyo? Jumapili iliyotangulia tulikuwa tunatoka kanisani, upepo wa mlima ukapiga gauni la mtoto mmoja wa jirani likamfunika uso. Mtoto wa miaka sita, jamani! Unamshushia gauni lake, unampangusa vumbi, yamekwisha. Lakini akina mama wa kwaya walisimama pale kama wameona chui. Kulikuwa na mmoja, yule wa sauti ya kwanza, hata kusema kwake ni kuimba: "Heee! Na mama yake yu-ko wa-piii?" Wenzake wakaitikia chini kwa chini, "Yuko wapi, yuko wapi." Nikasema moyoni, siku nitakapoulizwa mimi hivyo, nitauhama huu mlima.

Basi nikashuka mjini, Kaloleni, kwa fundi mmoja anaitwa Shabani. Mtu wa Pangani, mpole, anaongea pini zimejaa mdomoni. Nikamwambia sketi ifike kwenye vifundo vya miguu. Marinda sitaki. Chini ibane, upepo usipate pa kuingilia.

Akamtazama Naishiye, akatazama futi yake, akatoa pini moja mdomoni. "Dada, mtoto huyu kamba ataruka vipi?"

"Sikumpeleka shule kuruka kamba."

Akatoa ya pili. "Na chooni atachuchumaaje?"

"Fundi, wewe ni fundi au ni bibi yake?"

Akazirudisha pini zote mdomoni, akashona.

Naishiye hakusema kitu. Pengine ningemwuliza angesema, lakini sikumwuliza. Kosa langu ni hilo, mwanangu. Mengine yote yalizaliwa hapo.

Alipoivaa nilimwona amependeza, we! Nikamzungusha uani kama namwonyesha wageni. Alikuwa kama mke wa askofu aliyepungua kimo. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale anachambua kahawa, akainua macho, akasema, "Hmm." Halafu akaendelea na kahawa yake. Ile "hmm" ningeisikiliza ningejiokoa mengi, lakini nilikuwa kijana, na kijana mwenye kitambaa kipya hasikii.

Sasa sikia njia ya kwenda shule. Katikati unapita mfereji unaoleta maji mashambani. Si mpana, mtoto akikimbia hatua tatu anauvuka, na watoto wote walikuwa wanaruka. Asiyeweza kuruka apande juu mpaka kwenye gogo la kuvukia, mzunguko wa kuchosha. Naishiye alipofika pale na sketi yangu ya heshima, ilibidi achague: aikunje mpaka juu mbele ya wenzake ndiyo aruke, au azunguke. Umeona mambo yangu? Nguo ya kumsitiri ndiyo ilikuwa inamdai aikunje ndiyo apite.

Akazunguka. Akachelewa, akasimamishwa mlangoni. Kesho yake hivyo hivyo. Mapumziko wenzake wanacheza, yeye amesimama ukutani, wanamwita Mama Mchungaji. Ikafika siku hakuzunguka. Aliingia kwenye migomba, akakaa na madaftari yake mpaka akasikia wenzake wanarudi, naye akatoka akarudi nyumbani. Mimi nampokea na uji. "Mmesoma nini leo?" Ananieleza vizuri kabisa. Kumbe anajisomea mwenyewe kule ndani, maskini, ili asikose la kuniambia.

Ijumaa moja asubuhi mwalimu wake akaja. Mwalimu huyo hawezi kusema neno hajakohoa. "Khm. Mama Naishiye. Khm. Mtoto anaumwa?"

"Haumwi, mwalimu. Si yuko kwako?"

"Khm. Kwangu hayupo. Wiki ya pili hii. Na Jumatano mtihani wa darasa la nne. Khm. Asipoufanya, darasa la tano hataliona."

Nilimwona baba yangu na ng'ombe wake wanamsubiri mtoto wangu. Mwalimu alipoondoka tu nikakata fimbo kwenye mbuni. Mama mkwe alikuwa mlangoni anashona magunia ya kahawa.

"Fimbo ya nini?"

"Ya mtoro!"

"Mtoro," akasema, taratibu, kama anaonja mboga. "Njoo kwanza. Simama hapa."

Nikasimama. Akakizungusha kitenge changu mpaka kikanibana, akainama, na ile sindano yake yenye uzi wa katani akaanza kukishona kuanzia magotini kwenda chini. Mara moja, mara mbili, mara tano. Mama mkwe hakatazwi, siku zile unasimama tu kama gunia. Alipofika kwenye vifundo akakata uzi kwa meno.

"Haya. Nenda ukanikatie majani ya ng'ombe ng'ambo ya mfereji. Na kitenge usikikunje, watu wanapita."

"Sasa mama, nitapitaje?"

"Naishiye anapitaje?"

Nikaenda. Hatua za kuku, mwanangu, tik tik tik, fimbo mkononi, hasira kichwani. Nilipofika kwenye mfereji nikasimama. Gogo liko kule juu mbali. Nikatazama huku, nikatazama huku, nikasema ngoja nikivute kidogo tu, hakuna mtu. Nikainama. Nani anatokea? Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, na mkungu wa ndizi begani.

"Shemeji, habari za asubuhi?"

"Nzuri, shemeji."

Hapiti! Ametua mkungu chini anataka kuzungumza habari za mvua. "Mwaka huu naona kama zitachelewa, shemeji, unaonaje?" Mimi nimeinama, nimeshika pindo la kitenge, natabasamu. Kukivuta naona aibu, kusimama pale naona aibu zaidi. Nikaruka. Niliruka kama furushi lililotupwa, nikaanguka katikati, kichwa na yote. Na maji yale yanatoka juu kabisa, baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Shemeji badala ya kunivuta ananiuliza, "Shemeji, unaoga?"

Alinitoa, akanikalisha juu ya jiwe, akachukua mkungu wake akaenda zake huku mabega yanamtikisika. Fimbo ilishakwenda na maji. Ndipo nikasikia mtu anacheka ndani ya migomba, na kicheko kile nakijua, nimekizaa mwenyewe. Naishiye akatoka na madaftari yake. Aliponiona uso akaacha kucheka. Akaja kwa vihatua vyake vidogo, na kwa mara ya kwanza mwendo wangu na wake ulikuwa mmoja. Ndipo akaniuliza lile swali la kuchelewa.

Haya, sasa cheka. Mimi siku ile nililia.

Nikamwuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nimependeza."

Akanifuta tope shavuni kwa kiganja, akasema, "Mama, shule sikatai. Nakataa mfereji."

Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono, kuku wawili. Mama mkwe akachukua kisu, akafumua kitenge changu mshono mmoja mmoja, akamwambia Naishiye alete daftari asome kwa sauti mpaka jioni. Mimi akanipa gunia lake nimalizie kushona. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Kesho yake, Jumamosi, tukashuka Kaloleni. Nilikuwa naogopa, maana kitambaa cha kuongeza sikuwa nacho. Fundi Shabani alipotuona akatoa pini zote mdomoni kwa mara moja. "Karibuni, karibuni. Nilikuwa nawangoja." Akafungua kikapu chini ya cherehani, akatoa kitambaa chote kilichobaki nilipokataa marinda, amekikunja vizuri. Hakukitupa, hakukishonea mtu mwingine. Halafu akachuchumaa mbele ya Naishiye. "Haya, mwenye sketi. Unataka nini?"

Mtoto akanitazama. Nami nikaitazama cherehani, mdomo nimeufunga kwa nguvu.

"Nataka niweze kuruka," akasema. "Na kuchuchumaa. Na mfuko wa kuweka kalamu. Na nikiruka, nataka nisiwe na wasiwasi upepo ukija."

Sikia hapo, mwanangu. Hiyo stara niliyokuwa naipigania kwa kufunga miguu yake, mtoto mwenyewe alikuwa anaitaka. Nilidhani ni yangu peke yangu.

Fundi akaongeza vipande pembeni, akarudisha marinda, akaifupisha ikavuka goti kidogo, vile vile kama karatasi ilivyosema. Ndani akamshonea kaptula ya kitambaa kile kile, na chini akaacha upindo mpana wa kuushusha mtoto akirefuka. Jumatatu asubuhi nilimfuata kwa nyuma, nikajificha kwenye kahawa. Nilimwona akifika kwenye mfereji na wenzake. Hatua tatu, akaruka. Sketi ikafunguka kama ua, ikarudi mahali pake, na yeye ameshafika mbali, wala hakuishika. Mwalimu alikohoa sana lakini alimpokea. Jumatano akafanya mtihani, na darasa la tano aliliona, na la sita, na la saba.

Na msidhani nawasema wenye sketi ndefu tu. Mwezi uliopita nilikwenda Kijenge kwa mjukuu wangu, yuko kidato cha pili, nikamkuta ameipunguza sketi ya shule, imebana hapa na hapa. "Bibiii, ndiyo inavyovaliwa sasa hivi, Bibi hujui tu." Kweli sijui. Nikamwambia niokotee kijiko changu hapo chini. Alikiokota kwa kupiga magoti upande upande kama ngamia, mkono mmoja unavuta sketi. Nikamwuliza, "Darasani mkono huo ukivuta, daftari utalishika na upi?" Akacheka, kisha akaenda kutafuta mkasi wa kufumulia. Ile sketi yake na ile yangu ya Kaloleni ni ndugu kabisa. Moja imeshonwa kwa kuogopa macho ya watu, nyingine kwa kuyatafuta, na zote mbili zimemsahau mtoto aliye ndani.

Basi shika neno langu, mwanangu uliye na binti, au utakayekuwa naye. Heshima ya nguo ya shule ni mtoto kuisahau akishaivaa. Ikiwa anaivuta, anaikunja, anaishika, anakaa upande, hiyo nguo inamwibia masomo yake. Kabla hujamtoa nje, mwambie aruke mbele yako. Achuchumae, anyooshe mikono kama anafuta ubao, akae chini kwenye mkeka, akimbie mpaka getini na kurudi. Ndani mpe kaptula, acheze kama mtoto. Goti lifunikwe, hewa ipite, mfuko usikosekane. Na mkifika kwa fundi mwulize mtoto kwanza, halafu ufunge mdomo wako mpaka amalize. Atakayosema huyo mdogo yatakushangaza. Watu wa nje wasikushonee mwanao. Wao wakishacheka wanakwenda kula, na anayebaki migombani ni mtoto wako.

Mungu wa mlima huu na wa mabonde yote awatunze mabinti zenu. Awape miguu myepesi na vichwa vyepesi, wafike darasani kengele haijalia, waulizwe swali wanyooshe mkono bila kushika nguo. Na nyinyi mama zao awape masikio ya kusikia mapema, msingoje kushonwa na mama mkwe. Nendeni salama, wanangu, mkaruke.