Nilimweka Shosho Mtandaoni, Sasa Siwezi Kumtoa

Nilimharibia mwanamke jina, na nilipomharibia mkanipigia makofi. Kwa hivyo msinipe pole. Sifa zenu nilizila zote wakati ule, kila mliponiandikia "mama jasiri, endelea hivyo hivyo." Ujasiri gani? Nilikuwa nimekaa kitandani na simu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, ninakaa Tassia, hapa Nairobi, na nilikuwa kibarua wa kufunga biskuti katika kiwanda kimoja huko Industrial Area. Jioni nilikuwa naandika blogu ya akina mama. Uji wa kumwanzishia mtoto, nepi za kufua, mtoto akiota meno ufanyeje. Vitu vya maana. Wasomaji wangu walikuwa dada yangu na mashemeji, na hao mashemeji nashuku walifungua tu nisiwanunie.

Nikajiunga na masomo ya kijana mmoja wa mtaa jirani wa Pipeline anayejiita mwalimu wa mtandao. Ana ubao mweupe na maneno mengi.

"Madam, usiandike unachojua, andika wanachotafuta," akaniambia. "Lile jina watu wanaandika wakitafuta, liweke kwenye kichwa cha habari, lirudie aya ya kwanza. Halafu blogu zingine zikiweka linki ya kuja kwako, kila linki ni kura. Mwenye kura nyingi anakaa juu."

"Na kama wanaweka linki wakinitukana?"

"Kura ni kura, madam."

Na mimi niliyemaliza fomu four nikaitikia kama mtoto wa chekechea. Eti hiyo ndiyo hesabu ya mtandao. Mtu akikusifu, kura. Akikutukana, kura. Akikufungua kwa kuteleza kidole, msomaji. Jumlisha zote, uitwe mtu mwenye ushawishi. Kwa hesabu hiyo hata choo kikifurika kwenye korido kina ushawishi, maana wapangaji wa ploti nzima hutoka kuangalia.

Mtoto wangu, tumwite Junior, alikuwa akishinda kwa mama mmoja mzee, mjane kutoka magharibi ya nchi, anayekaa chini kabisa kwenye ploti yetu. Wote tulimwita Shosho, yaani nyanya. Alilea watoto wa wafanyakazi, wetu na wa ploti za jirani, na mlangoni alikuwa ameandikisha jina la daycare yake kwa rangi ya samawati. Mimi hutoka kukiwa bado giza, kwa hivyo baba Junior ndiye alikuwa akimshusha kwa Shosho kabla ya kwenda kazini.

Basi Junior akaanza kunirudia amelegea. Namlisha, kichwa kinaanguka kwenye sahani. Na Nairobi hii hakuna mama ambaye hajasikia kwamba kuna daycare zinawapa watoto dawa ya mafua ili walale wasisumbue.

Sikuuliza mtu. Shosho nilikuwa nikimwona kila jioni nikimchukua mtoto, tunasalimiana, anacheka, na mimi namwangalia tu huku nikitunga sentensi. Nikaandika kichwa: jina kamili la daycare yake, neno Tassia, halafu "yalewesha watoto dawa." Jina nikalirudia rudia vile nilivyofundishwa. Si akina mama wanaotafuta pa kuacha watoto huandika jina hilo? Basi nikalitumia kuwavuta.

Wakavutika. Blogu kubwa za udaku zikaninukuu na kuweka linki. Kale kamstari kanakoonyesha idadi ya wasomaji kwenye blogu kakasimama wima. Ukiandika jina la daycare ya Shosho, mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kutokea. Nilimpelekea Mama Tasha wa mlango wa pili simu, kama mtu anayeonyesha cheti.

"Ona. Wa kwanza."

"Na Shosho mwenyewe amesema nini?"

Nikamwambia asiniharibie siku.

Jumapili nikamkuta baba Junior jikoni akipekua vijiko.

"Unatafuta nini?"

"Kile kijiko cha dawa. Kesho asubuhi nisihangaike."

"Dawa ya nani?"

"Ya Junior. Ile ilibaki akiwa na mafua. Huwa nampa kidogo kabla ya kumshusha. Bila hiyo anapiga nduru ngazi zote na mimi nachelewa kazi."

Nikamuuliza kwa nini alininyamazia nikimchafua Shosho.

"Ningejuaje? Mimi sisomi hizo vitu zako. Si ungeniuliza? Tunalala kitanda kimoja."

Nilikuwa nimeuliza nchi nzima, na mwanamume wa nyumba yangu sikumuuliza.

Nikafuta ile habari mara moja. Nikaandika nyingine ya kuomba msamaha, na kwa ujinga wangu nikaweka jina la daycare kwenye kichwa, nikalirudia ndani, ili kila aliyesoma uongo asome na ukweli. Wale wa udaku walikuwa wameshanakili ya kwanza neno kwa neno. Wakaichukua na ya pili, wakaipa kichwa chao: mama amenunuliwa. Linki zingine. Kura zingine.

Nilimpigia yule mwalimu nikilia. Unajua alisema nini? "Madam, umeimwagilia mbolea. Sasa hilo jina linatafutwa kuliko mwanzo. Wewe ni moto." Alikuwa anafurahi. Aliniomba niwe mfano kwa darasa jipya.

Akina mama hawakungoja ukweli. Waliwatoa watoto mmoja mmoja, wengine bila kuaga. Niliposhuka kwa Shosho, magodoro ya watoto yalikuwa yamesimamishwa ukutani, na yeye amekaa kwenye kigoda kidogo cha mtoto, mikono haina kazi.

"Nimeambiwa niko huko ndani ya simu," akasema. "Nitoe."

"Nimejaribu, Shosho. Siwezi."

"Huwezi aje? Si ni wewe uliniweka?"

Nikamweleza mambo ya nakala na linki. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama Junior amekula.

Huyo ndiye mtu niliyemwita mlevya watoto.

Msidhani nilibaki salama. Kila niliyemwomba aniangalizie mtoto kwenye ploti alikataa. "Usiniletee mtoto wako, kesho utaniandika," Mama Tasha akaniambia usoni, na hakuwa anatania. Kazi nikaiacha. Sasa niko nyumbani na Junior anayeshuka kila asubuhi kugonga mlango ambao una mpangaji mwingine.

Shosho amehamia kwa binti yake, Mukuru kwa Reuben. Ameanza tena na watoto wachache, kwa jina lile lile, maana anasema hana lingine. Wanaozidi kumletea watoto ni wale hawajatafuta jina lake kwenye simu. Wakilitafuta, wanakutana na mimi, na hawarudi.

Kwa hivyo wewe mwenye blogu, unayemtazama jirani ukimpimia kichwa cha habari, kaongee naye kwanza uso kwa uso. Huo mstari unaokupandisha haujui ukweli na hautaki kuujua. Unahesabu tu.

Na wewe unayesoma hapa, nakujua. Kidole kinakuwasha uone ni daycare gani, ni mama gani. Ukienda kutafuta, utahesabiwa. Wenye mtandao wataona bado kuna watu wanataka ile habari, wataipandisha, na kesho ndiyo itakayomfikia mama fulani wa Reuben aliyekuwa karibu kumwachia Shosho mtoto. Jina lake sijaliandika. Usilitafute.