Milioni Moja na Tatu

Mpaka leo fundi akiangusha bati chini, vidole vyangu hujikunja kama vinatafuta udongo wa kuandikia. Mlio wa namna hiyo ndio tuliousikia tukiwa darasa la tano, Murusagamba, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka kutoka Burundi na magodoro kichwani. Kwanza mmoja, mbali. Kisha mfululizo.

"Laleni kifudifudi," akasema Mwalimu Leonida.

Sakafu yetu ilikuwa ya udongo, imenyunyiziwa maji asubuhi, ikinuka kama mvua. Mimi sikuwaza risasi, nilimwaza mama. Alikuwa ameshuka bondeni kuvuna maharage, karibu kabisa na mpaka. Nikaanza kutambaa kuelekea mlangoni, kumbe mwalimu ameketi hapohapo, ameuegemea mlango kwa mgongo.

"Milioni moja na tatu," akasema. "Tafuteni vigawo vyake. Andikeni chini kwa kidole."

"Mwalimu, mama yangu yuko bondeni."

"Najua. Si namba shufwa, kwa hiyo mbili haiingii. Jumlisha tarakimu zake, unapata nne, basi tatu nayo haiingii. Tano pia hapana. Haya, gawa kwa saba."

Niligawa huku nalia, machozi yakichafua hesabu. Ikabaki nne. Godeliva, mtoto wa wakimbizi tuliyekaa naye dawati moja, akajaribu kumi na moja. Ikabaki nne. Kumi na tatu, nne tena. Nikaiogopa hata ile namba, kana kwamba ndani yake mna kitu kilichokataa kutoka. Nje tukasikia miguu mingi ikikimbia kwenye njia ya bondeni, na mwanamume akifoka. Godeliva akanishika mkono.

"Twende kumi na saba," akaninong'oneza.

Ikabaki kumi na mbili. Nilimchukia mwalimu. Watu wanakufa, yeye anataka vigawo!

Mama alitokea alasiri, uso umejaa tope. Alikuwa amelala katikati ya maharage muda wote, na wenye bunduki walipita kwenye njia ileile ambayo ningeifuata. Nilichoweza kumwambia ni "Shikamoo, mama." Akaitika marahaba, kisha akaketi chini.

Miaka mingi baadaye, chuo cha ualimu, niliirudia ile hesabu nikiwa na kikokotoo. Ilikuwa namba tasa, haina kigawo ila moja na yenyewe. Nilifurahi nikidhani nimegundua ujanja wa mwalimu: alitupa kazi isiyokwisha ili asiinuke mtoto wa kusema amemaliza. Likizo ilipofika nikaenda kumshukuru.

"Tasa?" Alicheka mpaka akajifuta macho. "Sikujua, mwanangu. Nilitaja iliyonijia mdomoni. Hata mimi nilikuwa nagawa kimoyomoyo. Nilifika thelathini na moja, nikakosea, nikaanza upya."

Siku ile niliamini kwamba chumbani mle yuko mtu mmoja asiyeogopa. Hakuwepo. Lakini kwa kuamini hivyo, sikutoka.